Ufa Unaojenga Ukuta

Kitabu cha jiografia nilichosomea shuleni kilikuwa na mchoro mmoja uliokaa kichwani mwangu kwa miaka mingi kuliko ulivyostahili. Ulionyesha bahari iliyokatwa wima, chini yake mwali mwekundu ukipanda kutoka kilindini, na juu mishale miwili minene, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia. Kwa umri wangu maana yake ilikuwa wazi: moto hupanda, husukuma, na mabamba mawili ya ganda la dunia hutengana kwa sababu yamelazimishwa. Niliuamini mchoro huo hadi utu uzima. Nilipoanza kusoma jiolojia kwa kujifurahisha tu, niligundua kwamba nilikuwa nimeishika habari hiyo kichwa chini miguu juu. Mabamba hayatengani kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayasukuma. Magma hupatikana kwa sababu mabamba yanatengana. Ufa hutangulia, moto hufuata.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya bahari methali hiyo hutimia kwa namna ambayo hawakuikusudia, kwa maana kila ufa unapopanuka hujengwa ukuta ndani yake, ukuta halisi wa mwamba uliosimama wima, ambao nao huja kupasuliwa na ufa unaofuata. Zaidi ya nusu ya uso wa dunia, yaani sakafu karibu yote ya bahari kuu, imejengwa hivyo.

Binadamu walichelewa sana kuuona ufa wenyewe. Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kushikana kisha yakaachana, lakini hakuweza kutaja nguvu ya kuaminika iliyoyasogeza, na alifariki Greenland mwaka 1930 huku wanajiolojia wengi wakimhesabu kuwa mtu aliyeingilia fani isiyo yake. Kosa lake, kwa jinsi tunavyoweza kulitazama leo, lilikuwa kuyafikiria mabara kama merikebu zinazojipasulia njia katika sakafu ngumu ya bahari, ilhali sakafu hiyo nayo inasafiri, na mabara ni abiria waliobebwa.

Ushahidi ulikuwa umefunikwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha utafiti cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, Marie Tharp alikuwa akichora vipimo vya kina cha Atlantiki vilivyokusanywa na meli ambazo yeye hakuruhusiwa kupanda kwa kuwa alikuwa mwanamke. Meli hizo zilipima kina kwa mwangwi: sauti hutumwa chini, hugonga sakafu, hurudi, na muda wa safari yake hubadilishwa kuwa mita. Mwaka 1952 Tharp alipoipanga mikato kadhaa ya bahari, mmoja chini ya mwingine, aliona kwamba safu ya milima inayopita katikati ya Atlantiki ina bonde kwenye kilele chake, na kwamba bonde hilo linajirudia katika mkato baada ya mkato. Mwenzake, Bruce Heezen, aliyapuuza maelezo hayo akayaita mazungumzo ya wasichana. Karibu nao, Howard Foster alikuwa akiweka alama za vitovu vya matetemeko ya ardhi kwenye ramani ya kipimo kile kile, na ramani hizo mbili zilipolinganishwa, matetemeko yaliangukia ndani ya bonde. Heezen akakubali. Walipoendelea kuufuata mstari wa matetemeko kutoka bahari hadi bahari, uliwafikisha Ghuba ya Aden na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambalo watu walikuwa wakilitazama kwa macho siku zote bila kujua kwamba lina ndugu chini ya maji.

Jambo ambalo husahaulika katika kisa hiki ni kwamba Heezen, hata baada ya kusadiki kuwa bonde lipo, alidhani kwa muda kwamba dunia nzima inavimba na ngozi yake inapasuka. Mtu anaweza kuuona ufa na bado akakosea kinachoupanua. Nikikumbuka mchoro wangu wa shuleni, simlaumu.

Aliyeiondoa dhana ya dunia inayovimba alikuwa Harry Hess wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye katika makala yake ya mwaka 1962 alipendekeza kwamba sakafu mpya huzaliwa kwenye migongo ya katikati ya bahari, yaani safu za milima kama ile ya Tharp, na sakafu kuukuu hurudi ndani ya dunia kwenye mifereji yenye kina kikubwa iliyo pembezoni mwa bahari. Kinachozaliwa hulingana na kinachozikwa, kwa hiyo dunia haibadiliki ukubwa. Hess mwenyewe aliiita kazi yake ushairi wa jiolojia, kwa kuwa alijua hana uthibitisho.

Uthibitisho uliletwa na sumaku. Lava inapopoa chini ya kiwango fulani cha joto, ambacho kwa madini ya magnetiti ni nyuzi 580 hivi, chembe zake za chuma huganda zikiwa zimeelekezwa na uga wa sumaku wa dunia wa wakati huo, na mwelekeo huo hubaki ndani ya mwamba. Mwaka 1906 Bernard Brunhes alikuwa ameshaonyesha nchini Ufaransa kwamba lava nyingine za zamani zimeelekea kinyume, maana uga huo hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini. Mara ya mwisho ulipogeuka na kubaki hivyo ni karibu miaka 780,000 iliyopita. Fred Vine na Drummond Matthews, wakichunguza vipimo vya sumaku kutoka mgongo wa Carlsberg katika Bahari ya Hindi, waliandika mwaka 1963 kwamba ikiwa Hess yuko sahihi basi sakafu ya bahari inapaswa kuwa na milia, mmoja wa sumaku ya kawaida na mwingine wa sumaku iliyogeuka, ikilingana pande zote mbili za mgongo kama mbavu. Lawrence Morley wa Kanada alikuwa amefikia wazo hilo hilo peke yake, na majarida mawili yalimkatalia makala yake. Katikati ya muongo huo vipimo vya meli Eltanin vilivyochukuliwa kusini mwa Pasifiki vilionyesha milia iliyolingana kulia na kushoto kiasi kwamba ungeweza kuikunja karatasi katikati na mistari ikalaliana. Kuanzia mwaka 1968 meli ya uchimbaji Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya Kusini na kukuta kwamba kadiri unavyouacha mgongo ndivyo umri unavyoongezeka, hatua kwa hatua.

Kasi yenyewe ni ndogo. Katika Atlantiki ya Kaskazini mabamba hutengana kwa sentimita 2.5 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mtu akiishi miaka 70, bahari hiyo itapanuka katika maisha yake kwa kiasi kinachokaribia kimo chake mwenyewe. Sehemu za mashariki ya Pasifiki hukimbia hadi sentimita 15 kwa mwaka, na mgongo wa Gakkel, chini ya barafu ya Aktiki, hujikokota kwa sentimita moja hivi au pungufu. Migongo yote ikiunganishwa ina urefu wa takriban kilomita 65,000, na ukiuzidisha urefu huo kwa sentimita 5 unapata kilomita za mraba 3 na zaidi kidogo za sakafu mpya kila mwaka. Ni eneo dogo, mpaka ukumbuke kwamba ujenzi huu haujawahi kuwa na likizo.

Sasa nirudi kwenye moto, kwa sababu hapa ndipo mchoro wangu ulipokuwa umenipotosha zaidi. Chini ya ganda la dunia kuna koti, tabaka nene la mwamba uitwao peridotiti lenye kina cha karibu kilomita 2,900. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba koti ni bahari ya moto wa kimiminika inayosubiri tundu la kutokea. Koti ni gumu. Mawimbi ya matetemeko ambayo hayawezi kupita ndani ya kimiminika hupita humo bila shida. Ni kweli kwamba lina joto, zaidi ya nyuzijoto 1,300 katika sehemu yake ya juu, na kwamba kwa mamilioni ya miaka hutambaa polepole kama nta iliyopata joto, lakini si majimaji. Kinacholizuia kuyeyuka ni mgandamizo: kilomita 100 chini ya miguu yetu, uzito wa miamba iliyo juu hukandamiza kwa nguvu iliyo mara 30,000 hivi ya ile ya hewa ya usawa wa bahari, na chembe za mwamba zilizobanwa kiasi hicho hazipati nafasi ya kuachana.

Mabamba mawili yanapovutwa kuelekea pande tofauti, nafasi iliyo kati yao haiwezi kubaki tupu, kwa hiyo koti hupanda kuijaza. Linapopanda, mzigo ulio juu yake hupungua. Joto lake haliongezeki hata kidogo. Kwa kweli hupungua kidogo, kwa kuwa mwamba hutanuka unapopanda. Kinachoshuka haraka zaidi ni kiwango cha kuyeyuka, na kwenye kina cha kilomita 60 au 70 hivi kiwango hicho hukutana na joto ambalo mwamba ulikuwa nalo siku zote. Hapo huanza kutoa jasho. Aliyewahi kuchemsha maji juu ya mlima mrefu anajua kwamba huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa sababu hewa inayoyalemea ni nyepesi. Mwamba nao hufuata kanuni iliyo karibu na hiyo. Hakuna aliyeongeza kuni. Kilichotokea ni kwamba kifuniko kimelegezwa.

Tena hauyeyuki wote. Ni sehemu kati ya moja ya kumi na moja ya tano hivi, yaani madini yale yanayoyeyuka kwa urahisi, nayo hupenya katikati ya punje za mwamba uliobaki mgumu, hukusanyika, na kupanda kwa kuwa ni nyepesi. Ndiyo maana ganda la bahari halifanani na koti lililolizaa: koti ni peridotiti, mtoto wake ni basalti, yenye silika, alumini na kalsiamu nyingi zaidi. Unene wa ganda hilo nao unashuhudia. Iwe mgongo unakwenda kwa sentimita 3 au 15, ganda hutoka na unene wa kilomita 6 au 7 karibu kila mahali, ukiacha migongo ile yenye kujikokota kupita kiasi. Kama magma ndiyo ingekuwa inasukuma, ningetarajia palipo na msukumo mkubwa pawe na ganda nene zaidi. Unene hutegemea hasa joto la koti, na pale ambapo koti lina joto kuliko kawaida, kama chini ya Iceland, ganda huwa nene mara kadhaa na kisiwa huchomoza juu ya maji.

Jinsi ganda linavyopangwa inaweza kutazamwa bila kupiga mbizi, kwa sababu vipande vya sakafu ya bahari za kale vimesukumwa juu ya nchi kavu, hasa katika safu ya Troodos nchini Cyprus na katika milima ya Oman. Juu kabisa kuna lava iliyotoka ndani ya maji baridi, ikaganda ngozi yake papo hapo na kufanya mafungu ya mviringo ambayo wanajiolojia huyafananisha na mito ya kulalia. Lugha yetu ina neno moja kwa mto wa maji na mto wa kichwa, na sijaona mahali pengine ambapo maana zote mbili zinakutana vizuri hivi, maana lava hiyo hutiririka kama ule wa kwanza na kuishia kama ule wa pili. Chini ya mito hiyo zimo kuta: vipande vyembamba vya basalti vilivyosimama wima, mara nyingi vyenye upana wa mita moja hivi, bega kwa bega, maelfu kwa maelfu, bila kitu kingine katikati. Baadhi yake ni nusu ukuta. Upande mmoja una ukingo ulioganda haraka na upande wa pili hauna, kwa kuwa ukuta mpya ulipokuja uliupasua ule wa zamani katikati ungali na joto, na nusu ya pili ikachukuliwa na bamba jingine. Chini zaidi kuna gabro, ambayo ni magma ile ile iliyopoa taratibu mpaka ikapata punje kubwa, na chini ya gabro huanza koti.

Ukuta mmoja ulipojengwa juu ya nchi kavu wakati wa satelaiti, wanasayansi waliweza kuupima. Mnamo Septemba 2005, karibu na volkano ya Dabbahu katika eneo la Afar nchini Ethiopia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na ndani ya wiki chache pande mbili zikaachana kwa hadi mita 8. Magma iliyoingia humo ilikuwa takriban kilomita za ujazo 2.5, na karibu yote haikufika juu. Iliganda chini ya ardhi ikiwa ukuta. Mabamba ya eneo hilo hutengana kwa karibu sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo mita 8 ni deni la karne nne lililolipwa kwa mkupuo mmoja. Nchini Iceland, volkano ya Krafla ilifanya jambo linalofanana kwa vipindi kati ya 1975 na 1984. Tunapotaja sentimita kwa mwaka tunataja wastani. Mbali na mpaka, bamba husogea bila kusita, lakini kwenye mpaka wenyewe mwamba hujinyoosha na kuvumilia kwa vizazi kadhaa, kisha huachia.

Baada ya kuzaliwa, sakafu huanza kupoa, na inapopoa husinyaa na kuzama. Kilele cha mgongo huwa kwenye kina cha mita 2,500 hivi, ilhali sakafu yenye umri wa miaka milioni 100 iko zaidi ya mita 5,000 chini. Sehemu ya upozaji hufanywa na maji ya bahari yanayopenya kwenye nyufa, yakapata joto na kurudi juu yakiwa yamebeba madini. Mwaka 1977 wanasayansi waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo Alvin waliziona chemchemi za namna hiyo karibu na visiwa vya Galápagos, zikiwa zimezungukwa na minyoo mirefu na chaza wasiotegemea jua, na miaka miwili baadaye, katika mgongo wa mashariki ya Pasifiki, walikuta mabomba ya asili yakifoka maji meusi yenye joto la nyuzi 350 na zaidi. Maji hayo hayachemki, na sababu ni ile ile inayozuia koti kuyeyuka: kimo cha bahari kinayakandamiza.

Je, ni nani anayevuta? Jibu linalokubalika na wengi ni uzito. Sakafu iliyokwisha kupoa kwa mamilioni ya miaka huwa nzito kuliko koti lililo chini yake, na inapofika kwenye mfereji huinama, huingia, na kulivuta bamba lililobaki juu. Bamba la Pasifiki, ambalo kaskazini na magharibi limezungukwa na mifereji ya namna hiyo, ni miongoni mwa yaendayo kasi. Yale ya Atlantiki, ambayo karibu hayana mfereji, huenda polepole, yakisaidiwa na mteremko tu, kwa maana mgongo uko juu na bamba huteleza kutoka humo kwa uzito wake. Hata huo wanaouita msukumo wa mgongo ni kazi ya mvutano wa dunia, wala hautoki kwa magma.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote uko kwenye ramani, na hauhitaji chombo chochote. Bamba la Afrika limezungukwa na migongo magharibi, kusini na mashariki, na kila mmoja unaliongezea sakafu mpya, ilhali ndani yake hakuna mfereji wa kuimeza sakafu hiyo. Haiwezekani basi migongo hiyo iwe imesimama juu ya mienge ya moto isiyohama. Ni lazima nayo iwe inasogea, ikizidi kuachana, huku ikipata koti jipya la kuyeyusha kila inapofika. Mgongo ni mahali ambapo mabamba yameachana, basi, na mahali hapo huhama.

Ndani ya mabara habari ni ngumu zaidi, na hapa nakiri kwamba mchoro wa shuleni haukukosea kabisa. Chini ya Ethiopia na Kenya koti lina joto lisilo la kawaida. Lava iliyofurika nchini Ethiopia miaka milioni 30 hivi iliyopita na nyanda zilizoinuliwa juu ni dalili zake. Joto hilo hulainisha bamba nene na kuliinua, na likishainuka hupata mteremko wa kuteleza. Hata hivyo mwendo wa huko ni wa milimita chache kwa mwaka. Mwezi Machi 2018 shimo refu lilipokata barabara karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, vichwa vya habari vilitangaza kwamba Afrika inapasuka, na wanajiolojia wengi wakalazimika kueleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkano.

Anayetaka kuona hatua inayofuata na atazame kaskazini, mahali mabamba matatu yanapokutana. Bahari ya Shamu ilianza kama bonde la ufa, na sehemu yake ya kusini imekuwa ikijenga ganda halisi la bahari kwa karibu miaka milioni 5. Pembeni yake, bonde la Danakil limeshuka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, likizuiwa na kingo za ardhi tu lisijae maji. Juu ya sakafu ya bonde hilo kumetandazwa chumvi yenye unene unaozidi kilomita moja, kwa sababu bahari imeshawahi kuingia humo, ikakauka, kisha ikaingia tena.